Kilo za Mdomo

Tarehe 3 Machi 2014 aliajiriwa kupima abiria na mizigo katika uwanja mdogo wa ndege, na kazi hiyo ndiyo anayoifanya mpaka leo. Jina lake halitumiki pale. Wote humwita Mama Mizani.

Kabla yake, karani wa tiketi alikuwa akiuliza tu, "Una kilo ngapi?" na kuandika anachojibiwa. Marubani waliziita kilo za mdomo. Wanene walijipunguza, wembamba wakajiongeza, na ndege ya viti tisa ikawa inanyanyuka kwa shida, magurudumu yakipita juu kidogo tu ya ua wa waya. Mama Mizani akazikomesha. Kila mtu hupanda mizani na mkoba wake, awe mheshimiwa, awe nani.

Ijumaa hii aliyepanda alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa magari. Alikuwa akimsindikiza mama yao, anayepasuliwa tumbo kesho yake katika hospitali ya mbali. Hospitali ilikuwa imesema wazi: asije bila ndugu. Ndege inayofuata ya kwenda huko ni Jumatatu.

"Vua hilo koti," Mama Mizani alimwambia.

"Na baridi yote hii, shemeji?"

"Vua."

Koti lilianguka sakafuni kwa kishindo cha chuma. Mifuko yote ilikuwa imejaa spana. Foleni ikacheka.

"Unakwenda kumfungua mama nati?" rubani akauliza.

Lakini hata bila koti, ndege ilikuwa imezidi kilo thelathini na moja. Mafuta rubani hakutaka kuyapunguza, maana njiani kulikuwa na mvua. Katika hali hiyo hushuka aliyekata tiketi mwisho, na wa mwisho alikuwa fundi.

Akamsogelea mke wa kaka yake, sauti chini. "Andika sitini na tano. Nani atajua?"

"Ndege itajua."

"Basi ni wewe unayemnyima mama matibabu. Kaka nitamwambia."

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, mikono tumboni. "Mwache," alisema bila kumtazama mkwewe. "Nitakwenda peke yangu. Wakinirudisha, wamenirudisha."

Mama Mizani akapanda mizani mwenyewe. Sitini na moja. Fundi alikuwa tisini na nane.

"Nitampeleka mimi. Shemeji, wewe nenda kakae na watoto."

"Na ndege ya alasiri nani atapima, dada?" karani akauliza.

"Pima wewe."

"Nikae kwenye tiketi au kwenye mizani? Nina miguu mingapi?"

Mama Mizani alimpigia mkuu wa uwanja. Simu iliita mpaka ikakatika. Injini ilikuwa tayari inanguruma. Alivua kizibao chake cha kazi, akamshika mama mkwe mkono, wakapanda.

Alasiri ile, kwenye korido ya hospitali, alimpigia karani mara tatu kuuliza kama ndege aliyoiacha bila mpimaji imefika salama. Ilikuwa imefika. Hakuna aliyepimwa.

Upasuaji ulifanyika Jumamosi, na mgonjwa bado hajazungumza. Jumatatu mwanawe mkubwa atakwenda kumpokea mkewe zamu, naye Mama Mizani atarudi kwa ndege hiyo hiyo na kusimama mbele ya mkuu wa uwanja, kueleza kwa nini abiria wanane waliruka kwa kilo walizojitajia wenyewe.