Sauti ya Fuko

Nina sauti ya mtoto. Nina miaka hamsini na moja, nimezaa watatu, na mpaka leo mtu akinipigia simu huniuliza kama mama yupo. Nimefanya kazi ya mapokezi katika kiwanda kimoja cha Thika kwa miaka mingi, na wageni waliozoea kuniongelesha kwa simu wakifika hunipita kwa macho wakitafuta msichana. Niliacha kuona haya zamani. Sikudhani sauti hiyo ingekuja kunipatia kazi nyingine.

Binti wa jirani yangu hapa Ruiru alikuwa karani wa studio ndogo, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mabati na misumari. Walikuwa wamepewa katuni za zamani wazitie Kiswahili kwa ajili ya kituo kimoja cha televisheni. Walikuwa wameshajaribu waigizaji kadhaa kwa sauti ya shujaa mwenyewe, na kila mmoja alisikika kama mtu mzima anayejifanya mtoto. Yule binti akawaambia anamjua mama mmoja ambaye hajifanyi. Nilienda Jumamosi moja, nimevaa viatu vya kanisani.

Walipowasha picha nilimtambua mara moja. Alikuwa fuko. Fuko mdogo wa kutosha kwenye kibiriti, mwenye joho fupi na miwani mikubwa kuliko uso, ambaye angebeba treni kwa mkono mmoja na kuchimba kutoka nchi hadi nchi kabla mtu hajamaliza kupiga miayo. Mara ya mwisho nilikuwa nimemwona nikiwa darasa la pili.

Wakati huo tuliishi Thika, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Msimamizi mmoja aliyekuwa jirani yetu alikuwa na televisheni, na Jumamosi saa kumi na mbili jioni alifungua dirisha ili watoto wa mtaa watazame wakiwa nje. Tulisimama juu ya kreti za soda. Picha ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye chenga nyingi, na maneno yote yalikuwa Kizungu. Kati yetu aliyejua Kizungu ni mmoja tu, kaka yangu, aliyekuwa darasa la sita. Yeye ndiye aliyetutafsiria. Fuko akifungua kinywa, kaka anaongea.

Mwaka huo kiwanda kilipunguza watu na baba akaenda Webuye, mbali huko magharibi, kutafuta kazi. Alisema akipata mahali pa kukaa angetuma habari. Mama alianza kuuza mboga sokoni. Sisi hatukumuuliza kitu, naye hakutueleza.

Katika tafsiri ya kaka, kila kipindi kilikuwa na mtu aliyekwama mbali. Huyu amefungiwa kwenye mgodi, yule mto umejaa hawezi kuvuka. Fuko alichimba mpaka akamfikia, akamwachia chakula, akarudi kuwaambia watoto wa mtu huyo. Mwishoni alisimama juu ya kichuguu chake, akageukia dirisha letu na kusema, "Mzee yuko njiani. Njia ndiyo mbaya." Halafu muziki. Watoto wengine walikimbia nyumbani. Mimi nilibaki kwenye kreti kidogo, nikiwa nimetulia.

Basi studio walinipa karatasi za maneno, Kizungu upande mmoja, Kiswahili upande wa pili. Nilizisoma nikisubiri zamu yangu. Mgodi haukuwepo, wala mto uliojaa. Fuko alikuwa akiwakamata wezi wa benki, kila kipindi wezi wa benki, mara chura, mara mbweha wawili wenye kofia. Na lile neno la mwisho, pale juu ya kichuguu, lilikuwa: "Nani amekalia miwani yangu?" Nilisoma karatasi za vipindi vitano. Vyote vilimalizika hivyo hivyo.

Mwongozaji alikuwa mtu wa Mombasa, mpole, mwenye masikio makali. Siku ile hakunisumbua juu ya sauti. Alinisumbua juu ya herufi mbili. Nikisema "kulala" yeye anasikia "kurara."

"Dada, tulia, tuirudie," aliniambia. "Huyu fuko hajatoka Thika."

Nikarudia mara tisa. Ya kumi akakubali. Tulimaliza kipindi cha kwanza saa kumi, na kesho yake baada ya ibada nikapanda gari kwenda Theta kwa kaka.

Kaka alihamia Theta alipostaafu. Ana ng'ombe wawili, viazi vitamu na nduma, na wakati huo alikuwa vitani na mafuko waliokuwa wakimlia viazi kutoka chini. Nilimkuta amepiga magoti kwenye shimo, anakunja fito na kufunga waya wa mtego. Nilimweleza kuhusu studio. Alicheka kidogo kwamba sasa nitakuwa adui yake. Kisha nikamwambia nimesoma maneno yenyewe, na kwamba hakuna hata moja alilotuambia.

Aliendelea kufunga waya.

"Sikuwa najua Kizungu," akasema. "Nilijua kusoma tu. Wale walikuwa wanaongea kwa pua."

Nilimwambia sikuja kumlaumu. Nilitaka kujua alitoa wapi lile neno la njia mbaya. Alifunga waya mpaka mtego ukasimama, akaujaribu kwa kijiti, ukafyatuka, akauanza upya. Ndipo akanieleza.

Barua ya baba ilikuja mwezi wa tatu baada ya yeye kuondoka. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo alimwita kaka jikoni amsomee. Baba aliandika kwamba amepata kazi, amepata na mke, na asingerudi Thika. Aliandika mistari sita. Kaka aliisoma kimya mara moja, halafu kwa sauti akasoma mambo mengine kabisa: kwamba baba anawasalimu wote, kazi bado anatafuta, atakuja, ila barabara za kule zimeharibiwa na mvua. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Mama alimshukuru, akaikunja barua na kuiweka ndani ya Biblia.

"Baada ya hapo ningefanya nini?" kaka aliniuliza. "Nilikuwa nimeshasema anakuja. Nikaendelea kusema."

Mimi habari za Webuye nilizijua nikiwa sekondari, kwa mdomo wa shangazi, zilipokuwa zimeshapoa. Nilikuwa nimedhani siku zote kwamba mama naye alizijua siku hiyo hiyo. Nilimhesabia kaka kichwani miaka aliyoibeba siri hiyo peke yake. Ilikuwa karibu saba. Nikamuuliza kama mama alikuja kujua kwamba alidanganywa.

"Alijua wiki ile ile," akasema. "Aliipeleka barua kwa mke wa mchungaji, akasomewa. Aliniambia hospitali, mwaka aliofariki."

"Na hakukukanya?"

"Hapana. Alisema alinisikia dirishani kwa msimamizi nikiwaambia ninyi, akaona wacha niseme. Alisema nilikuwa nasema vizuri."

Alisimama akapangusa magoti. Mke wake alituita chai. Tukanywa chai, tukaongea juu ya bei ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, na hatukurudi kwenye jambo lile. Nilipokuwa nikiondoka aliniuliza studio iko upande gani wa Ruiru.

Wiki tatu baadaye alikuja, bila kuniambia, na mfuko wa nduma kwa ajili ya watu wa ofisini. Alikaa nyuma ya kioo na kofia yake magotini. Nilikuwa narekodi kipindi cha yule chura, na mtu wa kumtolea chura sauti hakuwa ametokea. Mwongozaji alimsikia kaka akikohoa, akageuka, akamuuliza, "Mzee, unajua kusoma?"

Kaka akasema anajua.

Walimvalisha vipokea sauti vya masikioni. Mara ya kwanza alisoma kama anayesoma matangazo ya kanisa. Mara ya pili ilikuwa nzuri, sauti nene yenye changarawe, chura kabisa, lakini katikati alibadilisha maneno. Chura alitakiwa kusema benki hii ni yake. Yeye akasema alikuja benki kwa sababu ana watoto wengi nyumbani. Nilimtazama kupitia kioo. Uso wake haukuonyesha lolote.

"Mzee, soma kilichoandikwa," mwongozaji akasema. "Mdomo wa chura ukifunga, na wewe unafunga."

Kaka akasema sawa. Akasoma kilichoandikwa.

Alikuwa chura kwa vipindi kumi na kimoja. Alikuja kila Jumamosi baada ya kukamua, na alikuwa hodari wa zile herufi mbili kunizidi mimi, jambo ambalo hakuacha kunikumbusha. Wakati mwingine tulisimama pamoja kwenye kipaza sauti kimoja, mimi fuko, yeye chura, tukitukanana kwa Kiswahili safi cha Mombasa. Kazini hakutania. Alipiga mstari kwa kalamu chini ya kila sentensi yake na kuisoma kama ilivyo.

Vipindi vilianza kuonyeshwa mwezi wa Julai, saa kumi na moja jioni. Wajukuu wake walivitazama viwili na kurudi kwenye simu. Yeye aliangalia vyote, kisha akaniambia kwamba tafsiri si mbaya lakini hadithi ni nyepesi. Nikamwambia hadithi si yetu. Akakubali.

Kazi iliisha mwezi wa Septemba, na studio ikageukia matangazo ya sabuni na mbolea. Mimi niko mapokezi Thika kama kawaida. Kaka bado hunipigia baadhi ya Jumamosi kuuliza kama wamenitafuta tena, na mara ya mwisho nilimwambia bado. Alisema wiki ile alikuwa amekamata mafuko wawili kwenye viazi.