Ng'ombe wa Yosefu

Mtakaocheka chekeni, mimi mwenyewe nimeshacheka. Jumapili iliyopita nilihubiri hapa Bariadi, katika ghala la ushirika lililobaki tupu tangu wanunuzi binafsi wa pamba waanze kuja na malori yao. Nilivaa tai. Mama yangu alikaa mkekani, mbele kabisa.

Nilipofika kwenye mimba ya bikira Maria, niliona wafugaji wakitazamana. Nikaogopa watamdharau, nikaongeza langu lisilokuwemo katika Biblia: Yosefu alishatoa mahari, tena ng'ombe walionona.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mwinjilisti, ng'ombe wakishapokelewa, mtoto ni wa aliyewatoa. Mungu umemweka wapi?"

Watu wakacheka. Nikajifuta jasho kwa tai, nikasema basi, mahari haikutoka, hata ndama mmoja.

"Kama haikutoka, mtoto ni wa kwa mama yake," akasema mama taratibu, bila kuinuka. "Baba yake ni Mungu, lakini kwao ni kwetu sisi wanadamu. Hakuna wa kuja kumdai."

Nikasikia njiwa wakitembea juu ya mabati. Miaka yote nimehubiri habari hiyo, na sikuwahi kuona kwamba Mungu alikubali kuwa mjukuu wa kwetu.

Nikamuuliza, mbele ya waumini niliowaambia kuwa baba yangu ni marehemu, amelijuaje jambo hilo.

"Mwanangu," akasema, "si nilikuzaa wewe? Umelelewa kwa babu yako, na ng'ombe hatujawaona mpaka leo."