Kikapu cha Shangazi Tupokigwe

Mwaka 2008 Dokta Makene, mtafiti wa dawa, alikuja kwetu milimani Ileje na karatasi kubwa kuliko akili yake. Aliibandika ukutani kanisani: visanduku na mishale, kutoka mzizi hadi maabara, panya, wagonjwa wa majaribio, mpaka kidonge cha saratani. "Hii ndiyo ramani ya safari ya dawa," alitamba, fimbo mkononi. Tukapiga makofi, wajinga sisi.

Shangazi yangu Tupokigwe, mchimba dawa anayejulikana hadi Itumba, hakupiga. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, na mimi pekee nilijua. Akauliza, "Baba, mshale wa mwisho unaishia wapi?"

"Kwa mgonjwa, mama. Popote alipo."

Hilo likamtosha. Kesho yake alichimba mizizi upande mmoja tu wa mti, akafukia shimo ili mti usife, akajaza kikapu chake, akampa Makene. Kwetu kikapu cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa unga, utarudisha hata konzi ya maharage. Anayerudisha kitupu amekutukana, na kila mtoto analijua hilo.

Nilimsihi twende hospitali Mbeya. "Tumpale mwanangu, tungoje kikapu," alisema. "Wanakawia kwa kuwa hawajapata cha kutia." Masika yakapita, na mengine yakapita. Uvimbe ukawa kidonda. Mimi nimesoma hadi kidato cha nne. Siku ile kanisani nilimsikia Makene akimnong'oneza mwenzake aliyekuja naye, kwa Kiingereza, kwamba kidonge huchukua miaka kumi na zaidi, na dawa nyingi huishia kwa panya. Sikumwambia shangazi. Najidharau mpaka leo.

Mwaka 2010 Makene akarudi, kitambi mbele, na ramani mpya ya rangi. Akamkabidhi shangazi kikapu kwa mikono miwili, kimeoshwa kinang'aa. "Tumekitunza vizuri, mama."

Shangazi alichungulia. Akapitisha kiganja hadi chini, akipapasa pembe zote. Hakukuwa na kitu. Mpumbavu yule alisimama akitabasamu, akisubiri kushukuriwa.

"Tumpale," shangazi akasema, "kesho twende Mbeya."

Daktari wa Mbeya alifunua kidonda, akakifunika upesi. "Bibi, miaka yote hii ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nangoja kikapu."

Daktari akanigeukia mimi nimfafanulie.