Ubeti wa Mama Pasi

Sisi wapiga pasi tuna mtindo wetu. Mashati yakizidi tunaimba kwa zamu, kila mtu ubeti wake, na ubeti sharti uwe wa maisha yako mwenyewe. Ukidokoa wa jirani tunakuzomea mpaka ukome.

Wa Mama Pasi tuliujua sote. Mumewe aliomba apigiwe shati jeupe, akalivaa likiwa bado la moto, akatoka, asirudi tena. Mwenyewe aliuimba macho makavu. Waliolia ni sisi.

Binti wa dada yake alikulia humu humu katika chumba chetu cha pasi, akilala juu ya marobota ya shuka. Sasa ni mwimbaji mkubwa, na nyimbo zake zote ni hadithi. Siku aliyohojiwa redioni, Mama Pasi alitutangazia tangu asubuhi, "Leo mtanisikia nikitajwa." Tukazima mashine za mvuke kwa kelele zake, tukabaki na pasi za mkono.

Mtangazaji akamuuliza kama mtu wa magitaa ya umeme na wacheza shoo anaweza kuitwa msanii wa jadi.

"Kwa nini nisiitwe?" akajibu binti. "Ule wa shati jeupe sikuutunga. Ni wimbo wa watu, hauna mwenyewe. Niliuokota tu."

Eti aliuokota, kama kifungo sakafuni. Nilipandwa na hasira hadi nikaunguza kola ya mtu. Kusimulia kwa sauti tamu hakumfanyi mtu kuwa msanii wa jadi. Hata sisi tunaoimba bure tunajua ubeti upi ni wa nani.

"Labda amesahau, dada," nilimwambia Mama Pasi.

"Nilikuwa nauimba amelala mapajani mwangu. Hajasahau."

Kisha wimbo ukapigwa. Humo mume anarudi, shati limejaa vumbi, mke anacheka na kulifua. Mama Pasi alisikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye mashati yake.

Wiki iliyofuata kazi ilitulemea, zamu ikamfikia, akaimba. Mteja mmoja, mama mchangamfu aliyekuwa akingoja suruali, akamkatiza.

"Hapo umekosea, dada yangu. Mume anarudi."

"Nani kakwambia?"

"Mbona kila mtu anajua."

Mama Pasi alisimamisha pasi. "Basi ukimwona mwambie apite nyumbani. Mimi bado namngoja."

Yule mama akacheka, akidhani ni utani. Mama Pasi akamkunjia suruali yake vizuri, akamkabidhi. Siku hizi zamu ikimfikia, anatuambia tumruke.