Tulivyomzika Mzee Nyamweya kwa Simu

Siku yangu ya kwanza kazini niligeuza spika vibaya. Zile spika za zamani zilikuwa na mdomo mpana wa bati, na zilifungwa kwa waya juu ya landrova ya kiwanda cha chai. Mdomo unatakiwa uangalie watu. Mimi nikauangalisha nyuma. Tukaingia soko la Nyamache, nikashika maiki na kutangaza kwa nguvu zangu zote kwamba siku ya kununua chai imebadilishwa, na watu mbele yetu hawakusikia ila mngurumo. Kilichosikia vizuri ni kilima tulichotoka, na ng'ombe waliokuwa wakila nyasi huko. Dereva alicheka mpaka akasimamisha gari.

Kazi hiyo sikuipata kwa masomo. Niliacha shule darasa la nne, na hata hilo la nne sikulimaliza vizuri. Niliandikwa kwa sababu ya koo. Nyumbani kwetu ni ng'ambo ya mto kutoka kiwandani, na jioni nilikuwa naita ng'ombe wa baba yangu. Siku moja Meneja akaniitisha.

"Ni wewe unayeita ng'ombe mpaka nasikia nikiwa ofisini?"

"Ni mimi, bwana."

"Na wanakuja?"

"Wanakuja, bwana."

"Basi kesho njoo uwaite wakulima."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi inayoitwa uhusiano mwema. Jina ni kubwa, lakini maana yake ni kuhakikisha kiwanda na watu hawakasirikiani, na wakikasirikiana, wapatanishwe. Siku hizi vijana huisomea chuo kikuu. Sisi tuliisomea barabarani, Nyacheki, Kenyenya, Nyamache, na baadaye nikapelekwa upande wa Nyamira, ambako matope ni yale yale ila watu wanauliza maswali zaidi.

Kulikuwa na utaratibu. Ukifika sokoni huanzi kupiga kelele. Kwanza unazunguka na spika imezimwa, unaangalia nyuso. Tuliita kusoma uwanja. Wanawake wanaouza ndizi wakikuangalia halafu wanaendelea na mambo yao, hakuna shida. Wakikuangalia halafu waangaliane, kuna neno, na afadhali ulijue kabla hujafungua mdomo. Ndipo unafungua spika, unaita. Na watu wakishakusanyika, unazima. Hilo nilifundishwa na yule Meneja wa kwanza, mtu mfupi mwenye kofia, alikuwa hapendi mchezo.

"Spika ni ya kuita tu," aliniambia. "Wakishakuja, shuka chini, simama kwenye matope kama wao, ongea kama mtu."

Uvumi wakati huo ulikuwa unatembea kwa miguu kama sisi. Mtu akisema Nyacheki ati kiwanda kinafungwa, uvumi huo ulilazimika kupanda kilima, kupumzika, kunywa uji kwa shemeji, ndipo uende. Sisi na landrova tuliweza kufika Kenyenya kabla haujafika. Ukifika, tunaukalisha chini. Nazikumbuka sana asubuhi hizo. Ukungu bado umelala kwenye majani ya chai, wachumaji wako ndani yake huwaoni, unasikia tu wakicheka, na mimi napuliza maiki kuona kama iko hai.

Ikiharibika tulikuwa tunaipeleka Kisii mjini, kwa Mhindi mmoja mzee wa duka la redio. Alijua Kigusii kuliko vijana wa sasa, na alijua hata matusi. Akimaliza kutengeneza hakukuambia imepona. Alishika maiki akaamkia barabara nzima, "Bwakire mono!", na watu wakamwitikia kutoka upande wa pili bila kumwona. Lakini nimetoka njiani.

Bosi wangu wa pili alikuwa Afisa wa Uhusiano, mama mmoja aliyekuwa mwalimu zamani. Huyo ndiye alinifundisha kukaa. Ukienda kwa mtu ambaye kiwanda kimemkosea, hukimbilii kuomba msamaha. Unakaa.

"Nyakundi," alikuwa ananiambia, "ukipewa chakula, kula. Ni vigumu mtu akutukane huku anakuongezea mboga."

Nimekula chinsaga, mboga zetu za majani, za nyumba zilizokasirika katika wilaya zote mbili, Kisii na Nyamira. Zingine zilikuwa chungu makusudi, nina hakika. Wengine hufanya kazi kwa mikono, wengine kwa kichwa. Mimi kwa miaka mingi nilifanya kwa tumbo.

Halafu zikaja simu, hizi za kuteleza kidole. Landrova ikaegeshwa nyuma ya kiwanda, kuku wakaingia. Spika zikashushwa. Mimi sikufukuzwa, nilibaki nikingoja kustaafu kwenye benchi la ofisi, na Meneja mpya akatuletea Afisa wa Uhusiano mpya, Bi Mwanaidi, msichana wa Mombasa. Kila asubuhi aliniamkia, "Shikamoo mzee wangu," mpaka walinzi wakaanza kunitania kwa shikamoo hiyo.

Sitasema hakujua kazi. Mkulima wa Kenyenya alikuwa akilalamika kwenye ukurasa wa kiwanda mtandaoni, Bi Mwanaidi anamjibu kabla yule mtu hajarudisha simu mfukoni. Mimi ningetumia siku nzima na nusu ya tangi. Alinifundisha majina ya vitu. Komenti ni neno mtu anakuachia chini ya neno lako. Kushea ni kama kumpa jirani moto, wako unabaki na wake unawaka. Nikamuuliza, "Na ukitaka kuuzima?" Akacheka tu.

Sasa nifike kwa Mzee Nyamweya.

Mzee Nyamweya wa Nyacheki ni kati ya watu wa kwanza kupanda chai upande ule. Mke wake aliitwa Kemunto, na tulijuana tangu siku za landrova. Kemunto aliugua, na asubuhi moja akafariki. Mtoto wao mmoja yuko Nairobi, na kwa uchungu wake akaandika kwenye ukurasa wetu wa kiwanda, kwa Kigusii, kwamba watoto wa Nyamweya wamefiwa na "baba". Hapa lazima nieleze. Kwa Kigusii, baba ni mama. Mzazi wa kiume tunamwita tata. Mtoto wa Kigusii anayelia "baba" analilia aliyemnyonyesha. Kila mtu hapa anajua hivyo kabla ya kujua jina lake mwenyewe, ndiyo maana hakuna aliyewahi kufikiria kumwambia Bi Mwanaidi.

Yeye katika maneno yote yale aliona mawili anayoyajua, Nyamweya na baba. Akahuzunika kweli. Akatafuta picha ya Mzee Nyamweya, ile aliyopigwa siku ya wakulima akiwa na kikapu mgongoni, akaiwekea mshumaa, akaandika kwamba kiwanda kinaomboleza mkulima wetu mkongwe, apumzike kwa amani. Akaiweka kwenye ukurasa. Akaenda kunywa chai.

Kabla chai haijapoa, Mzee Nyamweya alikuwa amekufa mpaka Nairobi. Binti yake aliyeolewa Nyamira alikuwa sokoni, ameshaambiwa kuhusu mama yake na anajitayarisha kuja, akaonyeshwa simu. Akaanguka. Alidhani wamekwenda wote wawili. Na kule Nyacheki waombolezaji wakaanza kuingia bomani wakikimbia na kulia, wakimwita Nyamweya, Nyamweya. Mzee akatoka nje ya nyumba.

"Mnamlilia nani?"

Mwanamke mmoja akamwambia, "Wewe."

Haya nilihadithiwa, sikuwepo. Lakini mpaka leo nikikaa peke yangu huwa naliona jambo lile. Mtu amefiwa na mke wake wa ujana, majirani wanakuja, na hakuna hata mmoja anayemtaja yule mke.

Simu ilipigwa kiwandani, ikawa moto. Wakulima wa Nyacheki wakasema mtu wa kiwanda asionekane kwenye mazishi hayo. Meneja akaingia ofisini kwetu jasho likimtoka.

"Futa. Halafu andika kulikuwa na kosa la kiufundi."

Bi Mwanaidi alikuwa analia. "Nimeshafuta, bwana. Na nimeomba radhi."

"Umeombea wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye ukurasa, mzee wangu."

"Mzee Nyamweya hana ukurasa. Twende tukakae."

"Watanipiga."

"Hawatakupiga. Watakuangalia tu, na utatamani wangekupiga."

Tukaenda. Tulibeba unga wa wimbi, sukari, na majani ya chai, kama nilivyokuwa nikifanya siku zote. Nilikuwa na imani kabisa na njia yangu. Nilijua tutakaa, tutakula, na jioni ikifika mambo yatakuwa yamelainika.

Mzee Nyamweya alikuwa ameketi kwenye kiti chake mbele ya nyumba, wazee na wamama wamemzunguka. Bi Mwanaidi akaenda moja kwa moja, akapiga magoti kama kwao.

"Pole sana, baba. Nisamehe, baba. Ni mimi niliyeandika."

Shangazi mmoja mzee, mdomo hauna breki, akasema kwa sauti, "Mnamsikia! Asubuhi amemuua, sasa anamwita mama yake!"

Nyumba nzima walikuwa na huzuni, lakini mmoja akaanza, na mwingine, wakacheka. Mzee hakucheka. Akamwangalia yule msichana akamwambia kwa Kiswahili, "Simama, mtoto. Magoti yatakuwa na tope."

Tukapewa viti. Nikakaa kama ninavyojua. Nikanyamaza kama ninavyojua. Chakula kikaja, nikala. Nilipoona wakati umefika nikaanza kuomba msamaha kwa niaba ya kiwanda, maneno yale mazuri niliyoyasema kwa watu wengi, na yote yaliwahi kufaulu. Mzee akaniinulia mkono.

"Nyakundi, nakushukuru kwa kuja. Umekaa vizuri. Lakini nani amekuona?"

Sikuelewa.

"Mimi nimekuona," akasema. "Hawa wamekuona. Ndugu yangu wa Eldoret hakukuona. Wakwe zangu hawakukuona. Watu walioimba na Kemunto kanisani wakahamia mbali, wanajua ni mimi nimekufa. Wanaandikiana pole, na ile pole ni yake. Mmenipa mimi. Mimi ya nini?"

Alisema kweli. Landrova yenyewe ingekuwa nzima, ningeipeleka wapi?

Mzee akamgeukia Bi Mwanaidi. "Ile simu ya kunizika, iko hapa?"

"Iko, ba—" akajizuia. "Iko, tata."

Ile tata ilipita kwenye boma lote.

"Basi ilete. Mlinizika nayo, nifufueni nayo."

Bi Mwanaidi alishika simu kwa mikono miwili ili ampige video. Akamwambia kwa upole kwamba aseme kwa kifupi, kwa sababu watu wa simu hawana subira, aseme tu yuko hai. Mzee akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Mimi ni Nyamweya. Niko. Aliyeenda ni Kemunto, mke wangu."

Bi Mwanaidi akadhani amemaliza, akateremsha simu.

"Inua," Mzee akasema. "Sijamaliza."

Akaanza. Alisema chai inayoonekana nyuma yake ni Kemunto aliyeipanda, naye Mzee wakati huo alikuwa Kericho akichuma chai ya watu. Alisema Kemunto alibeba miche kutoka mbali mtoto akiwa mgongoni, na mvua ilipokosekana akainywesha kwa maji aliyochota mtoni, majirani wakamcheka kwamba ananywesha majani wakati watoto wana kiu. Alisema sauti yake kanisani ilikuwa ya pili, ile ya chini, isiyosikika mpaka ikosekane. Alisema mengi. Akataja hata ugomvi wao wa mara moja, juu ya mbuzi. Mikono ya msichana ilichoka, lakini simu hakuiteremsha tena. Na kiwandani, Meneja aliposema video ikatwe, yabaki maneno ya mwanzo tu, Bi Mwanaidi alimjibu, "Hapana, bwana. Yote au niache kazi." Ikaenda yote.

Tulimzika Kemunto Jumapili. Watu walitoka Nyamira, walitoka Kisii mjini, na ndugu wa Eldoret alifika na jirani zake. Waliingia bomani wakilia, na walilia Kemunto, Kemunto. Mzee alikuwa amesimama mlangoni anawasikiliza. Mtu wa kiwanda hakupewa nafasi ya kuhutubia, na hiyo ilikuwa haki. Nilikaa nyuma karibu na migomba. Kwa mara ya kwanza nilikuwa katika mkutano wa watu wengi hivyo bila kazi.

Baadaye kidogo nikastaafu. Walinipa saa ya ukutani na blanketi, na Bi Mwanaidi akanisomea hotuba aliyoiandika mwenyewe, ndani yake akaweka Kigusii, akakosea, tukafurahi.

Vijana huniuliza kama kazi yetu imekufa. Mimi sijui. Naona watu bado wanakasirika, na bado wanataka kusikilizwa mpaka wamalize. Ila zamani nilikuwa naona uso wa mtu ninayemwambia, na uso ulikuwa unaniambia nipunguze au niongeze. Hicho ndicho ninachokikumbuka zaidi, kuliko landrova na kuliko sauti yangu, ambayo sasa hata ng'ombe haimfikii.

Na ile picha ya mshumaa haikuisha. Tuliifuta kwetu, lakini wengine walikuwa wameshaichukua, na kila baada ya muda inaamka mahali. Mzee Nyamweya hunipigia simu akipata habari.

"Nyakundi, nimekufa tena. Sasa ni Nakuru."

"Pole, Mzee."

"Asante. Wanasema nilikuwa mtu mwema."

Tunacheka, wazee wawili, mpaka mmoja wetu akohoe. Halafu anaacha kucheka, na mimi nayajua yatakayofuata. Ananiuliza kama chini ya ile video yake kuna mtu mpya ameandika juu ya Kemunto. Navaa miwani yangu, nafungua ukurasa, nateremsha kidole. Nikimpata mtu, namsomea polepole, neno kwa neno, kwa Kiswahili changu cha darasa la nne.

Nisipompata mtu, natafuta jambo mimi mwenyewe ninalokumbuka juu ya Kemunto, namwambia hilo.