Niliandika "Nimeona" Bila Kusoma

Kosa ni langu. Nalisema mapema, ili unapoendelea kusoma usianze kumtafuta mwingine wa kulaumu. Mimi nilikwisha kumtafuta huyo mwingine, nikampata, nikamtwisha.

Mimi ni mwanamume wa makamo, nimesoma chuo kikuu hapa Goma, na kwa miaka kadhaa niliongoza kikundi kidogo kilichotunza programu ya kompyuta ya kuunganisha familia zilizopotezana. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Langu nalificha kwa woga. Hata hilo nalikiri.

Programu hiyo ilizaliwa mwaka ule volkano ya Nyiragongo ilipopasuka. Watu walikimbia huku na huku, wengine Sake, wengine njia ya Rutshuru, wengine wakavuka mpaka, na watoto wakapotea katikati. Tukatengeneza orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa wazi kwenye mtandao: jina la anayetafutwa, na kama amepatikana. Ya pili ilifungwa. Humo tuliandika mtu analala wapi, yuko na nani, namba yake ya simu ni ipi. Kila asubuhi kulikuwa na kazi iliyojiendesha yenyewe, bila mkono wa mtu: ilisoma ile orodha iliyofungwa, ikachukua neno moja tu, "amepatikana", ikaliweka kwenye ile ya wazi.

Kwa hilo ilihitaji ruhusa ndogo sana. Lakini siku zile ardhi ilikuwa ikitetemeka, tulikuwa tumeamriwa kuuhama mji, na mtandao ulikuja na kupotea. Nikiwa Sake, nimeketi juu ya godoro kando ya barabara, niliipa kazi ile ruhusa zote: isome kila kitu, iandike popote, isije ikatukwamia tukiwa njiani. Nikajiambia, tukirudi nitazipunguza.

Tulirudi. Sikuzipunguza.

Siku hizohizo ndipo desturi yetu ilipoharibika. Kanuni ilisema badiliko lolote katika programu lisipite mpaka mtu wa pili alisome na kuandika chini yake, "Nimeona". Kwa sababu mtandao ulikuwa haba, tukaanza kupigiana simu. "Uliona?" "Niliona, pitisha." Ulikuwa uaminifu wa watu walio taabuni. Taabu ilipopungua, uaminifu ukageuka uvivu, na mvivu wa kwanza nilikuwa mimi niliyekaa kiti cha mbele.

Ni Kavira peke yake aliyekataa. Alikuwa fundi mwenzetu, mama wa watoto wanne, rika langu.

"Shefu, baba yangu alikuwa anafanyaka biashara Butembo," alisema. "Hapokeaka muzigo bila kufungua gunia."

"Na ukifungua ukute ni maharagi tu?" tukamcheka.

"Nitaingiza mukono mupaka chini. Mawe inalalaka chini."

Kisha vita vikaja. Waasi waliteremka na barabara ya Rutshuru, Kibumba ikahama, Munigi ikajaa mahema. Katika watu hao alikuja mjane mmoja kutoka Kiwanja, nitamwita Mama Riziki, na binti zake wawili. Ndugu za marehemu mumewe walidai watoto ni wa ukoo wao, yeye akitaka aondoke, watoto wabaki. Alikataa, na katika vurugu za vita akawatoroka. Alipoandikishwa alimshika Kavira mkono.

"Muniandike, juu dada yangu ananitafuta. Lakini kwenye nalala, batu basione. Bashemeji bakijua, batoto banaenda."

"Hakuna mutu ataona, mama," Kavira akamjibu.

Juma lile lile Kavira aliniletea pendekezo nilisome. Niliona kichwa chake tu: *Kupunguza ruhusa za kazi ya asubuhi*. Moyo ukanichoma! Ruhusa zile nilizitoa mimi, juu ya godoro, na watu walinisifu kwa hilo. Leo mtu anakuja kunisahihisha? Nikaliacha. Wiki zikapita.

"Shefu, ile kitu yangu ulisoma?"

"Iko kwenye mustari, mama."

"Mustari gani uko na mutu moja?"

Ofisi nzima ilicheka. Nami nilicheka, na sikulifungua.

Basi tukaambiwa kwamba Ijumaa watakuja wageni wanaotusaidia kifedha. Kwenye ukurasa wa kazi yetu kulikuwa na tarakimu nyekundu iliyoonyesha mambo yanayongoja kusomwa: masasisho kumi na moja ya matengenezo, na la Kavira juu yake. Vifaa tunavyovitumia ndani ya programu tumeviazima kwa mafundi wa mbali, nao huvirekebisha mara kwa mara, na kila rekebisho huja na maelezo yake. Niliona haya wageni wakute tarakimu ile.

Ijumaa asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, niliandika "Nimeona" mara kumi na moja. Sikuona hata moja! La Kavira nililifunga kwa maneno mawili: "Haina haraka."

Wageni walikuja, wakatabasamu, wakaondoka. Tarakimu ilikuwa sifuri.

Moja kati ya yale masasisho lilihusu kifaa kilekile kilichoendesha kazi ya asubuhi. Maelezo yake, aya ya tatu, yalisema waziwazi kwamba tangu toleo hilo kifaa kitabeba kila kitu kilichoruhusiwa kukisoma, isipokuwa kimeambiwa cha kuacha. Hapakuwa na hila wala fumbo. Mafundi wale walitutahadharisha kwa adabu. Aya hiyo niliisoma Jumatatu.

Jumamosi kazi ya asubuhi iliamka kama kawaida yake, ikabeba orodha yote iliyofungwa, ikaimwaga kwenye ukurasa wa wazi. Majina, namba za simu, mistari ya mahema. Ilikaa hapo Jumamosi, ikakaa Jumapili sisi tukiwa kanisani.

Jumatatu, karibu adhuhuri, Kavira aliingia mbio. "Shefu, fungua ile ukurasa. Fungua sasa!"

Tuliufunga kwa dakika chache. Ole wangu, tulikuwa tumechelewa! Asubuhi ile wanaume wawili walifika kwenye shule ya turubai kule Munigi, wakamtaja Riziki kwa jina. Walikuwa na simu, na ndani yake walikuwa na jina la mama yake na mahali hasa pa hema lao. Mwalimu alidhani ni ndugu, na kweli walikuwa ndugu: baba zake wadogo. Wakampakia kwenye pikipiki. Mdogo wake alikuwa na mama kwenye bomba la maji. Ndiyo maana alibaki.

Riziki alikuwa na miaka sita.

Kamati iliyosimamia kikundi chetu ilikutana kesho yake. Mwenyekiti, mzee mpole asiyejua mambo ya kompyuta, aliuliza, "Ruhusa hizi, ni nani alikuwa anazishughulikia?"

Jibu lilikuwa moja na fupi. Nililijua. Lakini mbele ya mzee palikuwa na karatasi, na juu ya karatasi neno *ruhusa* lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa jina la Kavira, kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kutaka kuzipunguza.

"Aliyekuwa anazishughulikia ni Mama Kavira," nikasema.

Tazama ubaya wa sentensi ile! Kila neno lake lilikuwa la kweli, na yote pamoja ilikuwa uongo.

Kavira alinigeukia. "Shefu, sema yote."

Nikainamia meza.

"Papa, nakuomba. Sema yote."

Nikafunga daftari langu. Alipojaribu kueleza, mzee akamwambia kwa upole asitafute wa kumtupia mzigo. Mwisho wa mwezi mkataba wake haukuendelezwa. Alifunga vitu vyake katika kikapu kimoja, akawaaga wote kwa majina. Mimi akanipita.

Zaidi ya mwaka mzima niliishi na jambo hilo. Nilikula, nilisali, nilifundisha wengine umuhimu wa kusoma kabla ya kupitisha! Naam, nilifundisha.

Kisha kambi zikavunjwa, na watu wakaanza kurudi makwao. Mama Riziki alikuja ofisini, mtoto mdogo mgongoni.

"Papa, nilikuja kukuaga. Narudi Kiwanja. Mutoto wangu iko kule, nitaenda kulala hata kwenye mulango yabo." Akanishukuru. Alinishukuru mimi! Akaongeza, "Weye ulinisaidia. Yule Mama Kavira ndo alinitupa. Kila siku namuombea mabaya, Mungu anisamehe."

Ningeweza kuendelea kumdanganya mzee wa kamati mpaka kaburini, lakini laana ya mama yule ilikuwa inakwenda kila siku mpaka Butembo, alikorudi Kavira, kwa mtu asiyehusika, nami ndiye niliyeielekeza njia.

"Mama, usimuombee mabaya. Haiko yeye. Ni miye."

"Weye namna gani?"

Nikamweleza yote: ruhusa, masasisho, wageni, kikao.

"Kwa hiyo hukusoma," akasema.

"Sikusoma."

"Miye sijui kusoma, papa. Weye unajua."

Alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akatoka. Sikumwona tena.

Siku hiyohiyo niliiandikia kamati ukweli wote, na cheo nikakiacha kabla hakijaondolewa. Juma lililofuata nikampigia simu Kavira. Alikuwa amerudi kwao, anauza vipuri vya pikipiki dukani kwa kaka yake. Kamati ilikuwa imekwisha kumpigia, kumtaka arudi. Alikataa. Nami nikaomba msamaha kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga, marefu, ya mtu wa chuo. Aliniacha nimalize.

"Aksanti ya kusema," akajibu. "Niulize kimoja. Ile nilikuandikiaka, ulishaisoma?"

"Bado, mama."

"Mungu wangu, shefu! Mupaka leo?"

Mpaka siku ile! Nilikuwa nimekiri kosa la kutosoma, na bado sikuwa nimesoma. Nilikata simu, nikalifungua pendekezo. Lilikuwa na mistari mitano. Wa mwisho ulisema: "Kuna mama wa Kiwanja niliyemwahidi kwamba hakuna mtu ataona. Naomba isichelewe."

Aibu niliyoipata mbele ya mstari ule haijapungua. Kusoma kungenichukua muda mfupi kuliko ule nilioutumia kuona uchungu kwa sababu ya kichwa chake.

Wewe unayeweka jina lako chini ya kazi ya mwingine, uwe fundi wa kompyuta, mkuu wa shule au muuguzi, nakusihi: usithibitishe usichokisoma, hata kama wageni wako mlangoni. Ruhusa uliyoitoa siku ya balaa, iondoe balaa likiisha, kwa mkono wako mwenyewe, wala usingoje mwenye ujasiri akukumbushe. Na ukikosa, sema siku hiyohiyo. Ukweli wangu ulikuja baada ya zaidi ya mwaka, na kufikia hapo haukuwa na cha kuokoa.

Dada yake Mama Riziki alinipa habari mwezi uliopita. Wale shemeji wamekubali amwone binti yake siku za soko, pale Kiwanja, mbele yao. Soko likifungwa, mtoto anarudishwa kwao. Ameanza kumwita mama yake "shangazi".