Salsa ya Kijani na Vitunda vya Samad

Andika, Thuraya, wala usinipambie. Mimi ni Zayana binti Nassor. Baba yangu alizaliwa Samad Ash Shan, huku Omani, mama yangu Mwanaidi alizaliwa Unguja mjini, nami nikazaliwa huko huko. Skuli sikuingia, nijuacho nimekijua kwa kukosea.

Asubuhi ya leo umeleta mfuko wa vitunda vya kijani, vimevaa ganda jembamba kama karatasi. Umesema umevichuma kandoni mwa wadi, lile bonde la mto mkavu, kwa kuwa salsa ya kijani, chatne ya Kimeksiko uliyoiona kwenye simu hutengenezwa kwa vitunda vinavyofanana navyo, na madukani hapa Ibra hukuvipata. Mkono wako ulikuwa tayari kwenye blenda. Nikachomoa waya, ukanuna. Sasa sikiliza, mwanangu, maana moyo wangu haujatulia bado.

Ipo siku moja ambayo sijaisahau. Nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu, nimeletwa Samad, Kiarabu changu kibovu, kila nikifungua kinywa wanawake wanacheka. Wifi yangu Zuwena ndiye aliyenitania zaidi, na ndiye niliyempenda zaidi.

"Wewe Mzinjibari, leo tena samaki mtupu? Iko wapi hiyo chatne unayojisifu nayo?"

Nikaona haya. Nyuma ya nyumba nikakuta vitunda vya ganda, vile vile nilivyokuwa nikivila utotoni Unguja, au ndivyo nilivyodhani. Sikumuuliza mtu, kwa sababu jina lake kwa Kiarabu sikulijua, na sikutaka kuchekwa. Nikavisaga kwa kotmiri, thomu, pilipili mbichi na ndimu. Siku hiyo nilikuwa nalipa funga ya Ramadhani, kwa hivyo sikuonja.

Zuwena akala peke yake, mpaka akalamba vidole. Kabla ya alasiri alikuwa anatapika. Kisha macho yakawa mazito, ukimwita haitiki. Jirani yetu, Bi Shekha, akatupakia kwenye gari la mumewe mpaka hospitali. Daktari akauliza amekula nini.

"Samaki," nikajibu.

Akauliza tena.

"Samaki na wali."

Nilijua, mwanangu. Nilijua, na ulimi ukakataa, kwa hofu ya kurudishwa kwetu na aibu yangu.

Bi Shekha akanishika mkono, akanitoa nje ya mlango.

"Maganda nimeyaona jikoni kwako. Utasema wewe, au niseme mimi?"

"Watanifukuza, mama."

"Na wakufukuze! Yeye apate kuamka."

Nikarudi nikasema yote, kwa Kiarabu changu hicho hicho. Hakuna aliyecheka; daktari akasema vitunda vile vina sumu, navyo ndivyo hivi ulivyoleta leo. Siku mbili nilikaa nje ya chumba chake, nikishtuka kila muuguzi alipofungua mlango. Siku ya tatu Zuwena akafumbua macho, akanitazama.

"Chatne yako," akasema, "chumvi haikukolea."

Nikalia mpaka wakanitoa.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiwa ugenini, au ukipika chakula cha ugenini, macho yakikwambia kwamba kitu unakijua, muulize mwenyeji kwanza, hata akikucheka. Na ukikosea, sema papo hapo, kabla hujafikiri watu watakuonaje. Salsa yako sikukatazi. Mjomba wako atakutafutia tomatiyo zenyewe, hivyo vitunda vya Kimeksiko, Maskati. Zikikosekana, tumia nyanya za kijani za dukani. Zichome pamoja na pilipili na kitunguu mpaka ngozi ipate madoa meusi, usage kwa kotmiri na chumvi, ukamulie ndimu. Nami nitaonja kabla ya mtu yeyote.

Karatasi hii iweke. Jina la Bi Shekha lihifadhi, umwombee rehema. Mapishi, ukitaka, yabadilishe. Lakini pale nilipomjibu daktari "samaki", usipafute, hata mimi mwenyewe nikikuomba. Mwenyezi Mungu akukinge na hofu inayomfunga mtu kinywa, na akujaalie jirani wa kukukemea mapema. Amin.